Mtaa Aliouokoa Fundi Vioo

Fundi Vioo hakuwa mtu wa siasa. Siasa yake ilikuwa kioo kisimpasukie mkononi, basi. Alikuwa mfupi, vidole vimejaa makovu, na alikuwa na masharti kuliko mganga: usikate kioo ukiwa na hasira, usibebe kioo kwa kukikumbatia, na katika familia yake mtu asiguse dirisha ila yeye mwenyewe. Sharti hilo la mwisho lilianza siku bintiye wa pekee alipochanwa kiganja na kipande cha kioo, angali mdogo. Tangu hapo dirisha likilegea tu, mtoto alimwita baba. Akakua, akajifunza kushona sare za shule, akaolewa upande wa pili wa mtaa, na bado alimwita baba. Watu walimtania kwamba huyo hakuolewa, ameazimwa tu.

Aliyemwoa alikuwa mmoja wa hao wakombozi. Nasema wakombozi kwa kuwa ndivyo walivyojiita; mimi ninalo jina jingine, lakini tutunze adabu. Mchana alikuwa karani wa chama cha wafanyakazi, mikono laini kama ya bibi harusi, na neno makabwela halikumbanduka mdomoni. Makabwela wananyonywa, makabwela watainuka, mabepari watakiona cha mtema kuni. Fundi Vioo, kabwela wa kuzaliwa, alimsikiliza mezani kwa heshima zote, kisha akamwuliza kama ataongeza mchuzi.

Hiyo Harakati yao ililipua benki. Ikampiga risasi msimamizi wa kiwanda mbele ya wanawe. Ikalipua kituo cha basi, kwani tangu lini mabepari wakapanda basi? Na kila mara zilimwagwa karatasi barabarani kueleza kwamba yote hayo yamefanywa kwa ajili ya wanyonge. Nani aliwatuma? Mnyonge gani aliyekwenda kuwapigia magoti, akawaomba waje kumlipua mamake kituoni?

Walikuwa na mtindo wao mmoja, na ndio uliowafanya watu wawachukie zaidi. Kabla ya bomu, jamaa zao walioishi karibu na mahali penyewe walidokezwa wabandike utepe wa gundi kwenye madirisha, kona kwa kona, ili vioo visiwarukie. Wao wajikinge, jirani akatwe uso. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Lakini watu si mawe. Baada ya misiba kadhaa kila mtaa ulijua kwamba ukiona utepe kwa jirani asubuhi, usisubiri adhuhuri.

Basi asubuhi moja binti akamwita baba. Mumewe alikuwa amemwachia bunda la utepe na kumwamuru abandike mwenyewe, kimyakimya, kisha aende kazini kama kawaida. Mwenyewe! Mwanamke ambaye hajagusa kioo tangu utotoni! Alifanya alilolizoea maisha yake yote. Fundi Vioo akaja na kisu chake, akauona utepe mezani, na moyo ukampasuka paa.

"Baba, leo usipite posta," binti akamwambia.

Posta ilikuwa kwenye kona ya mtaa huo huo. Ilikuwa siku ya pensheni, na tangu alfajiri wazee na wajane walishapanga foleni mbele ya askari wawili ambao Harakati ilikuwa ikiwatafuta.

"Na wale wazee?"

"Nimekwambia wewe, Baba. Ikijulikana imevuja kwangu, nimekwisha."

Fundi Vioo alibandika madirisha ya bintiye, na huku akibandika alifikiri. Kwenda polisi ilikuwa kumkabidhi mwanawe, kwa maana polisi wa siku zile walianza kupiga ndipo wakauliza. Kunyamaza ilikuwa kuwaua wazee wa watu. Akapata akili ya kifundi, akajiona mjanja. Madirisha yote yakiwa na utepe, nani atajua lipi lilianza? Akamsindikiza bintiye mpaka njia ya kiwanda alichoshonea, akarudi na mabunda yake ya dukani, akaingia nyumba hadi nyumba. Alibandika kwa mshona viatu, kwa mwuza mkaa, kwa kinyozi, na mwisho kwenye posta yenyewe, mbele ya karani wa kike aliyekuwa dirishani. Waliomwuliza kulikoni aliwajibu kwamba vioo siku hizi ni ghali. Hakutamka neno jingine.

Mtaa ukaelewa. Lo, jinsi ulivyoelewa! Foleni ikayeyuka, mama wakabeba watoto, karani akafunga dirisha akidai tumbo linamsokota, na askari nao wakakumbuka wanaitwa kituoni. Posta ilipolipuka haikuwa na hata paka ndani yake.

Siku chache baadaye binti hakurudi kutoka kazini. Aliyeleta habari ni mumewe. Alisimama mlangoni kwa mkwewe, kofia mkononi, akaeleza kwa lugha yao ile ya mikutanoni kwamba kulikuwa na kikao, shauri limesikilizwa, na hukumu imeshatekelezwa.

"Nawe ulikuwapo?" Fundi Vioo akauliza.

"Nilinyoosha mkono, Baba. Ilibidi uamuzi uwe wa sauti moja."

"Aliyewaambia watu ni mimi. Mbona hamkuniua mimi?"

"Wewe ni kabwela. Harakati haiui makabwela."

"Na yeye aliyekuwa akishona sare za watoto wa watu, alikuwa bepari?"

Mkwe akaanza kusema juu ya nidhamu na maslahi ya wengi, na mzee akamfungia mlango usoni. Laana yangu imfuate huyo mtu popote alipo, na sioni haya kusema.

Walimkuta binti kwenye mtaro nyuma ya kiwanda, na kibao cha usaliti shingoni. Waliomzika walikuwa baba yake, msimamizi wa makaburi, na wanawake wawili waliokuwa wakishona naye. Mtaani hakutoka mtu. Mshona viatu alifunga, mwuza mkaa alifunga, kinyozi alichungulia kwenye pazia akarudi ndani. Asante ya punda ni mateke, sawa, lakini punda angalau hana habari. Hawa walikuwa nayo.

Jioni yake karani wa posta alipita nyumbani kwa Fundi Vioo, akielekeza macho nyuma kila hatua. Hakuingia. Alisimama nje ya ua, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, utuelewe. Tuna watoto."

"Naelewa, mwanangu," Fundi Vioo akajibu. "Hata mimi nilikuwa naye mmoja."