Tulisimama Tupigwe Picha

Mwandishi wa habari tulimleta wenyewe. Chuo chetu cha ualimu, nje kidogo ya Mpanda, kilitulisha maharage yenye wadudu muhula mzima, na mkuu wa chuo akasema anayelalamika afungashe virago. Tukapanga kugoma. Tukamwandikia barua mwandishi mmoja wa Tabora, akaja na treni, kamera shingoni. Tulimshangilia kama bwana harusi. Tuliamini gazeti likishaandika, wakubwa watatuhurumia.

Asubuhi ya mgomo askari walishuka kwenye lori bila hata salamu. Rungu la kwanza lilimpata binti wa mwaka wa kwanza mdomoni. Nilisikia mlio kwanza, ndipo nikaona meno. Moshi ukatuchoma macho. Mawe tulirusha, sikatai, na mkono wangu haukuwa mvivu. Rafiki yangu niliyelala naye chumba kimoja, mtoto wa mjane wa Kakese, akanivuta shati.

"Twende bwaloni, watatuua hawa!"

Tulipofika ukutani pa bwalo, mwandishi akajitokeza mbele yetu, akainua kamera.

Kamera tuliyoijua sisi ni ya studio ya sokoni. Unafunga vifungo, unabana mikono, unatulia mpaka mwenye studio aseme tayari. Ukitikisika umeharibu filamu ya watu. Basi, haki ya Mungu, tulisimama! Askari wako hatua kumi nyuma yetu, nasi tumenyooka tunasubiri. Ujinga ule unanikasirisha mpaka leo.

Kamera ikalia, rungu likafuata. Mimi lilinivunja mkono. Rafiki yangu lilimpasua jicho la kushoto, akaanguka akimwita mama yake kwa Kikonongo, nao wakaendelea kumpiga pale chini. Mwandishi alishatimua mbio.

Gazeti lilifika na treni baada ya wiki. Sisi wawili tulikuwa ukurasa wa mbele, wima, vifungo vimefungwa. Chini wameandika kwamba wanafunzi wametulia na hakuna aliyeumia. Nakala yangu niliichana vipande. Nikaenda Kakese kumwambia yule mama asiamini hata neno moja.

Nilikuta ameikata ile picha na kuibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Mwanawe alikuwa kitandani, kitambaa usoni.

"Shikamoo mama. Gazeti hilo ni la uongo."

"Marahaba, baba. Najua," akasema. "Lakini huyu sikuwahi kumpiga picha hata moja. Hapo ana macho yote mawili."