Kizingiti cha Ukumbi wa Akina Tao

Mama yangu, Lu Xiubao, ana miaka themanini na minane, na yote kaiishia hapa mjini Suzhou. Zaidi ya sabini kati ya hiyo kaishi mitaa miwili tu kutoka Bustani ya Akina Tao bila kutia mguu ndani. Si kwamba haijui. Alizaliwa humo, katika chumba cha nyuma ya jiko, baba yake akiwa bawabu wa ukoo ule. Mpaka alipofika miaka kumi na mitatu, kazi yake ilikuwa kuopoa majani bwawani na kupeleka maji ya moto vyumbani, na njia yake ilikuwa moja: ule ujia mwembamba wa giza unaoambaa na ukuta, uliotengenezwa ili watumishi wapite bila kuonwa na wageni. Ukumbi wa mbele aliusikia tu kwa upande wa pili wa ukuta, vicheko na vikombe.

Akina Tao walipoondoka, Mama akaingia kiwanda cha hariri. Miaka thelathini alikuwa akitoa nyuzi ndani ya maji ya moto, mpaka vidole vikafa ganzi. Akazaa wawili, akazika mume, na siku zote hizo hakulalamika. Hilo ndilo tatizo lake. Mtu asiyelalamika anawachosha wenzake, maana na wewe unaona haya kulalamika.

Kipupwe kilichopita miguu yake ikagoma. Kaka yangu yuko mji wa mbali, Shenzhen, hupiga simu kila Jumapili kunikumbusha nimtunze Mama vizuri. Mimi nina miaka sitini na miwili na kiuno kibovu, nambeba kutoka kitandani hadi kitini, kutoka kitini hadi chooni, na usiku silali. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema ili ujue nilikuwa katika hali gani siku ile ya Juni, katikati ya mvua zile zinazofanya hata mito ya kulalia iote ukungu, Mama alipoweka vijiti vyake vya kulia juu ya bakuli la uji na kusema:

"Nataka kuingia kwa akina Tao kwa mlango wa mbele. Nipite ukumbini."

"Mama, mvua hiyo."

"Sijakwambia nataka jua."

Basi nikamfungia mwavuli kwenye kiti cha magurudumu, nikasukuma. Mawe ya mtaa wetu hayana huruma na magurudumu wala na kiuno. Siku hizi bustani iko wazi kwa watalii; getini wazee hawalipi, tukapita. Ua wa kwanza ulikuwa umejaa wasichana waliokodi mavazi ya kizamani, wakipigana picha huku wameshika pindo zisilowe. Mbele yetu mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na chini yake kizingiti cha mbao nyeusi, kirefu hadi magotini.

Mlinzi, mtu wa makamo aitwaye Tang, alitujia taratibu.

"Dada, na kiti hicho hampiti hapa. Zungukeni pembeni, kuna ujia, chini ni sawa kabisa, mtatokea bwawani. Wenye viti wote tunawapitisha kule."

Nikashusha pumzi, maana sikuwa na nguvu za kitu kingine. Nikageuza kiti. Mama akayashika magurudumu kwa mikono yote miwili.

"Huko sipiti."

"Mama, ni hatua thelathini tu."

"Nazijua. Nilizihesabu nikiwa na ndoo. Leo sipiti."

"Basi mimi na kaka huyu tukubebe."

"Mimi si gunia la mchele, Minfen."

Nilitamani kumwacha palepale mvuani nikanywe chai. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo nilivyotamani.

Mama akamgeukia mlinzi. "Kiondoe hicho kizingiti."

"Bibi, hicho kina miaka mia mbili. Hakiondoki."

"Nani kakwambia?"

"Nina miaka kumi na moja hapa."

"Baba yangu alikuwa na ishirini na sita. Tazama miimo ya mlango, ina mifuo. Kimechomekwa tu. Akija mgeni mkubwa kwenye kiti cha kubebwa, kinatolewa. Akija bibi harusi, kinatolewa. Jeneza nalo. Baba ndiye aliyekuwa akikitoa. Kwa watu wa jikoni hakikutolewa hata siku moja."

Tang akainama, akapitisha kidole kwenye mwimo. Mfuo ulikuwapo, umejaa vumbi la miaka. Akatazama huku na huku.

"Nikifukuzwa kazi utanilisha wewe?"

"Tambi za samaki, kila asubuhi. Anza kushoto. Mbao imevimba kwa mvua, kipige kwa kisigino kutoka chini."

Tukakishika, yeye kushoto, mimi kulia, kiuno changu kikilia. Kikagoma. Mama akawa anatoa amri kama msimamizi wa kiwanda: si hivyo, legeza wewe, piga tena. Mara ya nne kikatoka ghafla nusura kiniangukie mguuni. Tukakiegemeza ukutani, na wasichana wenye mavazi ya kukodi wakatupiga picha, sijui kwa nini.

Nikamsukuma Mama ndani.

Ulikuwa ukumbi wa kawaida, kwangu mimi. Viti vimezungushiwa kamba, meza, maandishi ukutani, harufu ya unyevu. Mama aliutazama polepole, ukuta baada ya ukuta, hadi ule wa upande wa ujia. Huo aliutazama muda mrefu zaidi. Kisha akasema, "Basi. Twende."

Hasira zikanipanda. "Twende? Tumekuja kwa shida yote hii, na bwawa hujaliona, bustani hujaiona."

"Bwawa nalijua. Huku ndiko nilikokuwa sikujui."

Nilikuwa nimelowa hadi magotini, na bado ilibidi nikisukume kiti juu ya mawe yaleyale mpaka nyumbani. Mama akageuza shingo kwa taabu, akanitazama usoni.

"Umechoka, mwanangu?"

Miaka sitini na miwili, na alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo. Kwetu swali hilo halikuwapo. Nilitaka kusema hapana, kwa mazoea.

"Nimechoka, Mama. Nimechoka sana."

"Mimi pia," akasema. "Miaka mingi. Kaa chini."

Viti vilikuwa na kamba, kwa hiyo nikakaa sakafuni, miguu nimeinyoosha katikati ya ukumbi wa akina Tao, kichwa nimekilaza kwenye goti lake. Tang alituona. Akajisimamisha mlangoni, akatugeuzia mgongo, na kila kundi la watalii lililofika akaliambia lisubiri.