Mkia wa Kaseti ya Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa duka la kaseti pale Sumbawanga mjini alinipa pamba na spiriti nisafishe hedi, kile kichuma kinachosoma utepe. Nilisafisha mpaka adhuhuri. Akaja, akachungulia. "Hiyo ni kusafisha au kubembeleza? Rudia."

Biashara ya nje ilikuwa imeruhusiwa, kaseti tupu zinaingia kwa malori kupitia mpakani Kasesya, na kazi yangu ilikuwa kurudufu. Zilizotoka sana ni za bendi moja ya roki ya mtaa wa Kizwite. Mwimbaji wao, Desderi, alipiga mayowe mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akatoa kaseti yake mwenyewe, Baridi ya Juni: gitaa moja kavu, lisilo la umeme, sauti ya chini, nyimbo za mtu aliyefiwa na mama yake. Katika miaka yangu yote sijarudufu kitu kizuri kama kile. Na watu wakairudisha dukani!

"Fundi, kaseti hii imeharibika. Gitaa halisikiki."

"Haijaharibika, mama. Ndivyo alivyopiga."

"Basi mwambie apige vizuri."

Kutwa hayo kwa hayo. Mmoja alinilazimisha nisafishe hedi mbele ya macho yake, akasikiliza tena, akasema bado mbovu. Nilitamani kumpa hiyo pamba azibulie masikio.

Meneja naye akachoka. "Futa boksi zima. Mwalimu wa kwaya ya Muze anataka kaseti. Na ile kaseti mama uifute pia, utepe wake mzuri."

Kaseti mama ndiyo ile ya kwanza, inayozaa nyingine zote. Desderi alikuwa ameiacha mikononi mwangu. Nikamsihi Meneja.

"Wewe umeajiriwa kusikiliza au kurudufu?"

Mgongoni mwa kaseti kuna vijino viwili. Ukishavivunja, mashine haikubali kurekodi juu yake mpaka uzibe matundu kwa selotepu. Niliziba moja moja, hata ya kaseti mama, huku nasonya. Nyimbo za kwaya zilikuwa pungufu kwa wimbo mmoja kuliko za Desderi, na kanuni ya kazi ni kuiacha mashine izunguke kimya hadi mwisho, ifute na mkia. Sikuiacha. Kwaya ilipomaliza tu, nilizima. Kaseti ya kwanza, ya pili, boksi zima. Huo ndio ujasiri wangu wote, na mpaka leo unaniudhi kwa udogo wake.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kasesya, chini ya Meneja Msaidizi asiyejua hata upande wa kuingizia kaseti. Huko ndiko nilikostaafia, kaseti zilipokosa wanunuzi.

Mwaka jana nilikuwa sokoni Muze, mama mmoja aliyewahi kuja dukani kuchukua kaseti za kwaya akanitambua.

"Shikamoo, fundi. Ile kaseti ya kwaya yetu bado tunayo. Ila yule kaka anayeimba mwisho, peke yake, ni nani? Mama yangu alipofariki tulimsikiliza yeye tu, siku tatu."

Nilimwambia ningemletea jibu. Nikaenda moja kwa moja hadi Kizwite kwa Desderi, nikamkuta anachambua maharage. Nilimweleza yote, na kaseti mama nilivyoifuta kwa mkono wangu.

"Kwa hiyo hawajui kuwa ni mimi?"

"Hawajui. Nirudi nikawaambie?"

"Koma! Wakijua, watauliza gitaa liko wapi."