Siku Niliyofungwa kwa Sheria Niliyoisoma Mwenyewe

Chekeni mkipenda, maana aibu hii nimeibeba peke yangu tangu miaka ile ya thelathini, na sasa nimechoka nayo. Nilifungwa kamba nyumbani kwa wakwe zangu, kwa sheria niliyokuwa nimeisoma sokoni kwa mdomo wangu, na aliyenifunga ni mgeni niliyemwalika mimi mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa karani na mkalimani wa boma. Nilikuwa nimefika sekondari, jambo ambalo Ukambani siku hizo lilikuwa nadra kama mvua ya Agosti, na nilihakikisha hakuna mtu anayelisahau (hata nikinunua chumvi nilivaa koti). Basi serikali ikabadilisha sheria ya vizuia sauti vya bunduki. Kizuia sauti ni bomba la chuma linalofungwa kwenye mdomo wa bunduki ili mlio upungue. Zamani Mzungu mwenye kibali cha bunduki aliweza kuwa nalo bila kuulizwa. Sasa sheria ikasema bomba lenyewe lihesabiwe kuwa bunduki, liwe na kibali chake, na yeyote atakayekutwa nalo bila kibali akamatwe. Kwa kuwa vijana wetu wengi waliwabebea Wazungu vyombo vya kuwindia, nilitumwa soko la Tawa kuwaeleza.

Mzee mmoja akaniuliza, "Karani, hilo bomba halina risasi wala kitako. Litamuua nani?"

"Mzee, serikali haijakuuliza litamuua nani," nikamjibu, kidole juu. "Ukilishika, umeshika bunduki. Hata ukiwa mtoto wa chifu, ni kamba!"

Watu wakatazamana, nami nikaona utamu. Kando yangu alisimama Adan, askari wa boma, Mwislamu kutoka kaskazini, mtu mpole asiye na maneno mengi, aliyetii kila agizo kama lilivyosemwa.

Siku chache baadaye nilikuwa Malili kwa kazi ya boma, na Mzungu mmoja mwenye ng'ombe akanipa bomba lake nimpelekee bomani likaandikiwe kibali. Ningelipeleka moja kwa moja, aibu hii isingenipata. Lakini Jumamosi hiyo ndiyo niliyopangiwa kupeleka mbuzi wa ntheo Nunguni kwa Mzee Kilonzo, baba yake Mwikali, na mbuzi hao wakipokewa na kuliwa, msichana ni wako, hakuna wa kukuuliza. Nilimpenda Mwikali, sitaficha. Mzee Kilonzo alikuwa mwindaji wa upinde tangu ujana wake, na nilijua hana hamu sana na mkwe wa kalamu. Nikaona, acha nipite kwanza Nunguni na bomba mfukoni, mzee aone kwamba hata mimi nashika mambo ya kuwinda. Na ili waone mkwe wao anatembea na serikali, nikamwalika Adan, aje na kofia yake nyekundu na bunduki yake begani. (Yeye alikubali kwa sababu ya nyama tu, akaomba mbuzi mmoja amchinje yeye, na wazee hawakuona ubaya.)

Mambo yalianza vizuri. Mbuzi walikaguliwa, wakasifiwa, mmoja akachinjwa. Mama mkwe hakuwepo, na ilikuwa sawa, maana kwetu kuna nthoni: mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, na mkikutana njiani lazima uache njia ujifiche mpaka apite. Tukiwa tunasubiri nyama nikalitoa bomba.

"Ni nini hiyo?" Mzee Kilonzo akauliza.

"Inameza sauti ya bunduki, baba. Mnyama hasikii kitu."

Akaligeuza, akachungulia ndani. "Hata upinde hulia kidogo," akasema taratibu, na nikaona nimempata. Ndipo ndugu yake, mtu mwenye mdomo, akasema, "Mkwe, si ndiyo bunduki ile uliyotusomea Tawa?"

"Hiyo ilikuwa ya watu wengine," nikasema nikicheka. Wote wakacheka, isipokuwa Adan. Aliinuka akapangusa mikono.

"Karani, kibali chake kiko wapi?"

"Adan, kaa ule. Ni chuma tu."

"Ulisema ukilishika umeshika bunduki."

"Nilikuwa naongea na watu!"

"Na wewe je?" akauliza, na hakuwa anatania. Kisha akaninong'oneza, "Ndugu yangu, kiongozi wa kijiji amekaa pale anatuangalia. Nikikuacha, kesho mimi ndiye wa kufungwa."

Ndugu wa Mzee Kilonzo akapiga kelele, "Kamba! Hata mtoto wa chifu ni kamba!" na kamba ikaletwa kweli, ile niliyomfungia mbuzi wangu, nikafungwa mikono mbele nikiwa nimevaa koti langu. Bado nilidhani tutacheka tukifika boma. Tukashuka mteremko kuelekea sokoni, Adan nyuma yangu, na watoto nyuma yake. Kwenye kona nikamwona mama mkwe anapanda, mzigo wa ndizi mgongoni na mkanda kwenye kipaji cha uso, hatua chache tu kutoka kwangu.

Sikufikiri. Mkamba yeyote angefanya nilivyofanya. Nikaruka kutoka njiani.

Lakini mteremko wa Nunguni si mahali pa kuruka umefungwa mikono. Nikabiringika kwenye shamba la mtu, nikatua kifudifudi kwenye tope la nduma, huku Adan, ambaye kwao hawana nthoni kama yetu, akipaza sauti, "Simama! Simama!" na mimi nikizidi kutambaa nijifiche. Akafyatua risasi hewani. Bunduki yake haikuwa na kizuia sauti. Ilisikika mpaka soko lote likaacha kuuza likaja mbio.

Mama wa watu alidhani nimepigwa risasi. Akatupa ndizi, akateremka, akanigeuza, akakipakata kichwa changu mapajani na kunifuta tope kwa shuka yake, akilia, "Mwanangu! Wamemuua mwanangu!" Nikafumbua macho nikamtazama, naye akanitazama, na soko zima likatutazama sote wawili. Alipoona nimepona alijifunika uso, na sikusikia tena sauti yake maishani.

Nthoni ikivunjwa hulipwa kwa mbuzi, na nilikuwa tayari kulipa. Afisa wa boma alinicheka, akaniachilia, na Mzungu wa Malili akapata kibali chake bila shida. Nikarudi Nunguni nimefua koti. Mzee Kilonzo alinipokea nje ya ua.

"Lile tope ningelisahau, kijana, na mke wangu angetulia," akasema. "Lakini uliwaambia watu jambo kwa ukali vile, na wewe hukuliamini hata kidogo. Siku utakayoniapia kwamba utamtunza binti yangu, nitajuaje?"

Akanirudishia mbuzi waliobaki. Mwikali alisimama mlangoni mwa jikoni mpaka nikavuka ua, kisha akaingia ndani.

Aliolewa Tawa na mfyatua matofali, na nasikia walikaa vizuri. Mimi nilioa baadaye, upande wa Kitui, mke mwema ambaye sina la kulalamika juu yake. Siku ya kwenda kwa wakwe wale nilienda kwa miguu, mifuko mitupu, na waliponiuliza kazi yangu ni nini, nikasema naandika andika tu.