Flash ya bei chee ilivyomeza ng'ombe watano wa mahari ya mjukuu wangu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, nyie wadogo marahaba nishaitikia kabisa.

Mimi ni bibi wa Butiama. Shule niliishia darasa la nne ila simu naandika mwenyewe, kidole kimoja. Ninachosimulia kimenikuta mimi, chumvi naitunzia dagaa zangu.

Mjukuu wangu Wegesa amechumbiwa. Mahari ng'ombe wanane, wameshaingia zizini kwangu. Kilichobaki ni kaka yangu Magesa wa Bunda aseme ndiyo, maana yeye ndiye aliyemlea binti. Bila yeye ndoa haifungwi.

Sasa Magesa kavunjika mguu, hawezi kuja kukagua. Na ameapa hapokei ng'ombe wa kusimuliwa. Tukamwambia tutatuma video kwenye simu ya jirani yake.

"Kwenye simu ng'ombe wote ni panya. Nataka kwenye TV!"

Basi nimeenda Mwigobero, pale Musoma mjini, kufuata dagaa, nikanunua na flash. Imeandikwa 64GB, bei chee. Nikajiona mjanja kuliko Musoma nzima.

Mjukuu mwingine, Nyangeta, anasoma kompyuta, amepanga Iringo, huko huko Musoma. Huyo ndiye alikuja kurekodi.

Wakuu, huku kwetu ng'ombe wa mahari hapigwi picha akasimama tu kama bibi harusi. Unaonyesha meno, kwato, chuchu, halafu anatembezwa tuone kama anachechemea. Kila ng'ombe na video yake, ndefu kama ibada ya Pasaka.

Simu ya Nyangeta ikajaa. Akaichomeka kwenye laptop yake inayotumia Linux badala ya Windows, aka-cut zote, aka-paste kwenye flash. Hakuna error. Majina yote manane yakaonekana.

Nikatua Bunda na maringo yangu. Ng'ombe wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu, safi. Wa nne TV ikagoma. Wa tano, imegoma. Mpaka mwisho!

"Dada, nimeona watatu."

"Si majina hayo hapo, wanane!"

"Kama mimi napewa majina, basi na huyo kijana aoe jina la Wegesa."

Wegesa kupigiwa simu, kilio. Kanisani walishatangazwa.

Nikarudi Iringo nimevimba kama chura. "Hiyo Linux yako ya bure imekula ng'ombe wangu!"

"Bibi, Linux haili nyama."

Akabadilisha tundu la kuchomekea, wapi. Akaandika dmesg, eti ndiyo kuiuliza kompyuta inalalamika nini, yakamwagika maneno mekundu. Nami nikaifuta flash kwa kanga, nikaipuliza, wapi. Mwisho akaleta programu inaitwa f3: inajaza flash mpaka juu, halafu inasoma tena kuona kama vitu vipo kweli.

Ndani ni 8GB tu! Ikishajaa inaendelea kukuitikia ndiyo, ndiyo, huku inamwaga nje. Hata ku-recover haiwezekani, hao ng'ombe watano hawakuwahi kuingia, yaliingia majina tu.

Ni ile sado, kopo la kupimia sokoni, iliyobonyezwa kitako ipunje mteja, wakuu. Nimeuza dagaa miaka yote, nikauziwa sado ya umeme!

Tukanunua flash nyingine dukani, ikapimwa kwanza. Tukarekodi upya. Safari hii ni copy, siyo cut, tukafanya eject, tukachomeka tena kuhakikisha zinafunguka.

Ila katikati hapo ng'ombe mmoja akazaa.

Nikarudi Bunda, Magesa akahesabu kwenye TV. "Juzi watatu, leo tisa. Dada, hii flash inazaa?"

Ndoa akaikubali, ila akasema ndama ni wake yeye. Upande wa bwana harusi waliposikia, wakasema ndama ni wao, maana kazaliwa mahari haijapokelewa. Mimi je, niliyemvuta kwa miguu akizaliwa, nikalowa mpaka kiunoni?

Funzo: flash ya bei chee ipime kabla hujaiamini, na usi-cut kitu ambacho huna nakala yake nyingine.

Harusi ipo pale pale. Ndama nimemficha kwa jirani.

Haya, wenye akili shukeni hapa chini: ndama ni wa nani? Na anayesema ni wa Magesa aje ajibu mbele yangu.