Sombe ya Mama Yangu, Bwera

Kama umekuja kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu nikianza sitaki kelele. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, siku ya soko, akili zangu zote zikiwa kichwani na pombe sijaionja. Na bado nina hasira. Nilijaribu kungoja ipoe kwanza ndipo nisimulie, imekataa.

Kazi yangu wengi wenu mnaijua. Nazunguka Kasese na vitongoji vyake, naingia kwenye hoteli ndogo ndogo za watu binafsi, nakula, kisha nasema redioni kipi kitamu na kipi hakifai. Nimesifu samaki wa Kasenyi, na kuna watu wa Nyamwamba hawanisalimii mpaka leo kwa sababu ya supu yao ya mbuzi. Nikisema kitamu, ni kitamu.

Siku hiyo nilikwenda Bwera, mpakani na Kongo, kutafuta malewa, ndivyo Wakongo wanavyoita vibanda vyao vya chakula. Nyuma ya soko, upande gani sisemi, kati ya stoo ya kahawa na kibanda cha fundi cherehani mmoja mzee, nikaona mlango wenye pazia la kitenge. Harufu iliyotoka humo ilinisimamisha, nikaingia.

Ndani kulikuwa na meza moja ndefu na watu wanakula kimya. Nani anakula kimya siku ya soko? Mwenye chakula, mama mtu mzima mwenye uso mpole kabisa, alinipakulia bila kuniuliza nataka nini: bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa karanga.

Sasa sikiliza hapa. Kwetu, anayekupakulia humega tonge kwanza akala mbele yako, ndipo akusogezee sahani, ili ujue hakuna sumu ndani. Hata hotelini akina mama wengi bado wanafanya hivyo. Huyu hakuonja. Nikamwambia kwa heshima, mama, anza wewe.

"Miye sikulake hii," akasema. "Hii iko ya kwako weye peke yako, mutoto wangu. Kula."

Nikala, na ilikuwa sombe ya mama yangu. Sisemi ilifanana. Ilikuwa yenyewe. Mama yangu, tuliyemzika Nyakiyumbu, hakuweza kukaanga karanga bila kuziunguza, maana akikaanga alikuwa anagombana na majirani kupitia dirishani. Sombe yake ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni, nasi tulikua tukidhani sombe ndivyo ilivyo. Tangu alipofariki, dada yangu Masika huunguza karanga makusudi kila Jumapili, ili tuendelee kula kama zamani. Niambie, yule mwanamke wa Bwera alilijulia wapi kosa la mama yangu?

Nililia, siwafichi. Mbele yangu mchuuzi mmoja wa vitenge kutoka Butembo naye alikuwa analia. Nikamuuliza kama naye ameipenda sombe. Akanishangaa, akasema yeye anakula lenga-lenga, yaani mchicha, na samaki, mapishi ya bibi yake aliyekufa vitani. Nikachungulia sahani yake. Mimi niliona sombe.

Jumapili nikaenda kwa Masika. Tonge la kwanza nilidhani amesahau chumvi. La pili nikajua. Ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyoloa. Bundu niliionja vizuri, pilipili niliionja, chai niliionja. Sombe ya mama tu ndiyo haikuwepo. Na nikijaribu kuikumbuka ile ya utotoni, namwona mama jikoni, naona sahani, lakini mdomoni hakuna kitu. Yule mwanamke hakunilisha, niaminini. Aliniibia. Mwizi wa kuku tunamkimbiza kijiji kizima, na huyu amebeba mama yangu huku ananiita mutoto wangu.

Siku ya soko iliyofuata nilirudi Bwera tayari kwa ugomvi. Hakuna pazia, hakuna mlango. Ukuta wa stoo umeshikana na kibanda cha fundi, hata kidole hakipiti. Nikamkamata fundi ukosi. Hakushtuka.

"Weye ulishakula," akasema. "Ule mama hana tena kazi na weye."

Nikamuuliza kwa nini hakunionya, na aliniona nikiingia.

"Zamani nilikuwa nabaambia batu. Nikibaambia, ndiyo banakimbia kuingia."

Nikamtukana. Nilimwona mzee mwoga asiye na utu, nikaondoka bila kuyafikiri maneno yake. Jioni nilimweleza Masika kila kitu, maana alikuwa ameona sigusi chakula chake, na nilitaka asiwahi kukanyaga kule. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Ilikuwa yeye kabisa?" akaniuliza.

Hapo nikajua anataka kwenda. Nikamkataza. Nikapiga meza, nikamwapisha. Akaniambia yeye ndiye mkubwa wangu na nisimpandishie sauti nyumbani kwake. Ijumaa akapanda boda mpaka Bwera. Mlango uliokuwa ukuta kwangu, kwake ulikuwa na pazia.

Jumapili alinipikia maharage. Tulikula bila kutazamana. Baadaye, anaosha vyombo, akaniuliza mama alikuwa anatengenezaje sombe yake. Nikamweleza yote, majani, karanga, moto. Aliitikia kwa adabu, kama vile namweleza mapishi ya mtu asiyemjua. Watoto wake walikuwa wanacheza uani, na nikajua wale hawatamwonja bibi yao tena.

Habari hii ilishavuja, na sasa mnanitumia ujumbe mkitaka niwaelekeze ulipo mlango. Najua mnachotafuta, na kila mmoja wenu ana mtu wake kaburini. Sitawaelekeza. Lakini ukipakuliwa na mtu asiyeonja, na mdomoni ukausikia mkono wa marehemu wako, tema. Tema hapohapo mezani, hata kama unalia, hata kama una njaa. Kisha urudi nyumbani ukale kile kidogo alichokuachia.