Spika za Utepe na Njuga ya Babu

Mwezi uliopita niliingia duka moja la vyombo vya muziki mjini Kisumu, mimi na binti yangu, kutafuta spika. Zile nilizorithi kwa baba zilikuwa zimefika mwisho. Moja utepe wake ulikatika, na ya pili panya walihamia ndani bila kuomba ruhusa. Kijana wa dukani akanionyesha spika zenye taa za rangi tatu, akaziwasha zikamulika kama sherehe. Nikamwuliza kama ana zile ambazo twita yake, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ni utepe. Alinitazama kama niliyemwomba koroboi. Bahati nzuri mwenye duka alinisikia kutoka nyuma, akaja akipangusa mikono.

"Iko jozi moja, Mama," akasema. "Lakini hizo umezijulia wapi?"

Nimezijulia wapi! Rafiki yangu, sogea nikueleze, maana yeye nilimjibu kwa ufupi tu.

Nilikuwa darasa la tano, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Tuliishi katika nyumba ya mabati kwenye mtaa mmoja ambapo asubuhi uliamka kwa king'ora cha gari moshi na harufu ya dagaa wa omena wakikaangwa kwa jirani. Baba alikuwa fundi wa matrekta ya miwa kule Muhoroni. Alikuja nyumbani Ijumaa jioni, ovaroli yake ikinuka oili na molasi, na ilitubidi tumsalimie kwa kupiga kelele. Miaka mingi ya injini ilikuwa imemla masikio. Ukimwambia chai iko tayari, anakujibu kwamba mvua haijanyesha bado. Tulimcheka sana, na yeye alicheka pamoja nasi hata bila kujua tunacheka nini.

Nyanya, mama yake baba, aliletwa kwetu kutoka karibu na Sondu baada ya macho yake kufunga kabisa. Alikaa mlangoni mwa jikoni, kwenye kigoda, akichambua mtama kwa vidole. Mimi nilikaa naye. Mchezo wetu ulikuwa mmoja: mtu akipita nje, yeye ananiuliza, "Nyakwara, nani huyo?" Nyakwara ndivyo alivyoniita, yaani mjukuu wangu kwa Kijaluo. Nami nafumba macho na kutaja. Huyo ni mwenye kiatu kilichobanduka soli. Huyo amebeba ndoo mbili, ya kushoto inavuja. Nikikosea alinipiga kofi dogo la mgongoni. Kwa mwaka mmoja nilijifunza kusikia zaidi kuliko nilivyojifunza hesabu kwa miaka mitano.

Babu alikuwa mpiga nyatiti, kile kinanda cha nyuzi nane ambacho mpigaji huketi chini, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu akigonga nacho ubao, na mguuni amefunga njuga. Alikuwa amekufa miaka miwili kabla. Nyanya hakuwahi kutulia tangu hapo. Baba alikuwa amepata kanda moja tu yenye muziki wa babu, kutoka kwa mwalimu aliyemrekodi kwenye arusi. Siku ya kwanza kuiweka kwenye redio yetu ndogo, nyanya alisikiliza kidogo, akasimama, akapapasa ukuta hadi jikoni.

"Huyo si mume wangu," akasema kwa Kijaluo. "Huyo ni mpwa wake. Anamwiga mpaka kikohozi."

Baba alimwapia kwamba mwalimu hawezi kudanganya. Nyanya akasema njuga ziko wapi basi, mtu hupiga nyatiti mguu uchi? Na kweli, redio ile yenye spika ya ukubwa wa kisosi ilitoa nyuzi na sauti ya puani, basi. Baba akamwuliza atamtambua kwa njuga vipi, na njuga zote ni chuma. Nyanya alisema tu, "Nitamtambua," akarudi kwenye mtama wake. Iliniuma. Mumewe alikuwa ndani ya kile kiplastiki na yeye anamkana. Nilimwona baba akikiviringisha kile kiplastiki kwenye leso, taratibu, kama mtu anayefunga kidonda.

Mwaka huo kiwanda cha sukari kiliwapa mafundi marupurupu, na baba akatangaza atanunua spika. Mama alitaka kabati la vyombo. Lakini jirani yetu, dereva wa basi, alikuwa na spika zilizotikisa sufuria zetu kila Jumapili, na baba alikuwa amevumilia vya kutosha. Mama akasema debe tupu haliachi kuvuma, na sasa mtaa utakuwa na mawili. Jumamosi asubuhi baba alinichukua twende wawili, kanda ya babu mfukoni. Nadhani alinichukua kwa sababu ya ule mchezo wa kigoda, ingawa hakusema.

Duka lilikuwa la mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baba alikwenda moja kwa moja kwa spika ndefu kunishinda, akaomba zipigwe. Vioo vya kabati vilitetemeka. Baba akatabasamu, maana hizo alizisikia hata kwa nyayo.

"Bwana fundi," akasema yule mzee, "iko spika ya kelele na iko spika ya kusikiza. Wewe unataka gani?"

"Nataka ile jirani akisikia, anazima yake mwenyewe."

Kisha baba akakumbuka. Akafungua leso na kumpa kanda. Mzee wa duka aliisikiliza kwenye zile kubwa, na mguu wa babu ulipogonga ubao nilidhani ni lori limegonga ukuta. Njuga hakuna. Mzee akatikisa kichwa, akaingia chumba cha nyuma, akatoka na jozi nyembamba za mbao za kahawia, zilizoachwa na jamaa zake waliohamia Uingereza. Akatuonyesha mahali ambapo spika nyingine huwa na kikombe kidogo cha sauti nyembamba. Hapa palikuwa na utepe wa alumini, mwembamba kuliko karatasi ya sigara, uliokunjwakunjwa na kuning'inia katikati ya sumaku. Nilinyoosha kidole, akakishika kabla hakijafika. "Usiguse, usipulize. Hii hata pumzi ya mtoto nakata."

Akaweka kanda. Nilifumba macho. Kwanza nyuzi, kila moja mahali pake. Halafu pete kwenye ubao, kavu na safi. Halafu, juu ya vyote, nyembamba kama mvua ya kwanza kwenye majani, njuga.

"Baba, zinalia!"

"Zinalia wapi?" Alikuwa ameinamia spika mpaka mzee wa duka akaanza kuhofia utepe wake. Alisikiliza, akasikiliza tena. Uso wake ulikuwa mtupu. Njuga zililia mbele ya pua yake na hakusikia hata moja.

"Unasikia kweli, ama unanifurahisha?"

"Nasikia kweli, Baba."

Alizitazama zile kubwa kwa muda mrefu, na najua alikuwa anamwona dereva wa basi akizima yake. Kisha akamwambia mzee wa duka afunge zile nyembamba. Nilikuwa mtoto, sikujua nimeona nini. Sasa najua. Mtu mzima alinunua kitu asichokisikia, kwa neno la msichana wa darasa la tano.

Saa nane mchana kila kitu kilikuwa tayari sebuleni. Baba alikuwa nje akiwaita majirani wawili watatu waje, na huko ziwani wingu lilikuwa linajikusanya. Mvua ya Kisumu ikishaanza kwenye mabati, hata kengele ya kanisa husikii. Tukaharakisha. Nyanya aliletwa, akaketishwa kwenye kiti cha baba. Kanda ikawekwa.

Nyuzi zikaja. Mguu ukagonga, dum, dum, kana kwamba umevaa soksi. Njuga hazikuja.

Nyanya alisubiri kwa adabu. Kisha akasema, "Mpwa wake huyo," akanyoosha mkono nimrudishe jikoni. Njia ile fupi sijawahi kuiona ndefu vile. Nyuma yangu baba hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini ambayo hakuwa nayo kawaida, "Ulisikia kweli?" Na mimi nikaanza kujishuku. Huenda nilitaka mno kusikia, nikasikia.

Baba akapanda baiskeli. Alikuwa ameamua ameuziwa jozi nyingine, na kila mtu mtaani aliambiwa hivyo alipokuwa akipita. Baada ya nusu saa pikapu ya mzee wa duka ilisimama mlangoni, baiskeli ikiwa nyuma na baba akiwa mbele amekunja uso. Mama akamkaribisha mgeni, akampa chai na mandazi. Mzee alikunywa chai yote, akamaliza andazi, huku wingu likishuka na baba akiuma meno. Ndipo akainuka, akaenda kwenye spika, akashika kitu kwa vidole viwili na kukiinua.

Kitambaa.

Ikiwa ulikulia katika nyumba zetu za wakati huo sina haja ya kueleza. Hakuna kilichokaa uchi. Kiti kilikuwa na kitambaa, redio kitambaa, meza ya chai na hata mtungi wa maji. Tulipokuwa tukifungua maboksi, mama alikuwa ametoa seti yake bora, aliyoshona kwa sindano miezi minne na kuitia wanga wa muhogo ikakauka kama bati. Aliivalisha spika zote mbili kuanzia kichwani hadi chini. Na sisi sote, mimi mwenye masikio yangu maarufu pia, tuliona ni sawa kabisa. Tulikuwa tumefurahi kwamba zimependeza.

"Mama," mzee akasema, "umefunga mdomo yake."

"Na wewe unamvua nguo mgeni wangu?" Mama hakuwa anatania. "Spika uchi kwa nyumba yangu? Wamama wa kanisa wakija Jumatano watasema nini?"

Walibishana. Tone la kwanza likapiga bati. Mama akatazama juu, akamtazama baba aliyesimama na leso tupu mkononi, akavuta kile kitambaa mwenyewe. "Haya. Lakini baadaye zitavaa."

Nilikimbia jikoni kumchukua nyanya. Alikataa, nikamvuta. Nakumbuka hadi leo nilivyomvuta bibi kizee kwa mkono bila heshima hata kidogo. Kanda ikaanza. Nyuzi, pete, kisha njuga zikamwagika chumba kizima. Nyanya aliinua uso. Akainua kidole, tusipumue. Akangoja. Katikati ya zile njuga kulikuwa na moja iliyokwaruza, mlio wenye kutu, ambayo dukani sikuitilia maanani.

"Ndiye," nyanya akasema.

Akalia, kisha akacheka akiwa bado analia. "Ile niliivunja mimi. Niliiangusha kwenye mawe ya mto nikiosha, ikapata ufa. Nikamwambia mbuzi ameikanyaga. Alimpiga mbuzi wa watu bure." Akageuza uso wake kwenye spika, ambapo mumewe alikuwa anaimba. "Mzee, haikuwa mbuzi. Nisamehe. Ni mimi."

Mzee wa duka alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja, na hatukusikia tena kitu.

Tangu siku hiyo nyanya alisikiliza kanda ile kila Jumamosi baba akiwepo. Mama alishona vitambaa vipya vifupi, vya kukaa juu tu kama kofia, akaridhika. Na baba aliketi karibu nami kwenye kochi. Kila ile njuga yenye ufa ilipolia nilimgusa goti, naye akaitikia kwa kichwa, wakati wake kabisa, kana kwamba ameisikia mwenyewe. Dereva wa basi aliendelea kutikisa sufuria zetu. Baba hakujali tena.

Wote wameondoka. Nyanya alitangulia, baba akafuata, halafu mama. Lile duka la mzee wa Kihindi siku hizi linauza kava za simu, na nyumba ile ya mabati imepisha ghorofa. Sina cha kulalamika. Nililelewa na watu walioamini kwamba nikisema nasikia, nasikia. Wengi hawakupata hilo.

Basi mwezi uliopita mwenye duka alitoa jozi yake ya utepe, nikampa simu yenye muziki wa ile kanda, ambayo fundi mmoja alinihamishia. Nilifumba macho. Nyuzi zikaja, safi. Pete ikaja. Nikangoja, na mahali pa njuga palikuwa kimya. Niseme ukweli, daktari alikuwa amenionya mwaka jana kwamba masikio yangu yameanza kupoteza sauti nyembamba. Nilimwambia umri wangu haujafika huko. Nikafungua macho nimwambie mwenye duka asante, sizitaki.

Binti yangu alikuwa amekunja uso, ameinamisha kichwa upande mmoja. Habari ya ule ufa sijawahi kumsimulia.

"Mum, kuna njuga moja iko na shida," akasema. "Ni kama imepasuka."

Nilimwambia mwenye duka azifunge. Lakini kwanza nilimwomba arudishe muziki mwanzo, nikavuta viti viwili, nikamketisha binti yangu karibu nami. "Ikilia," nikamwambia, "niguse goti."

Akanigusa.